Mtu wa Chuma Mbele ya Mkutano wa Kijiji

Sioni kwa nini mwalimu aone haya kusema kwamba alishinda. Tumezoea kuandika habari zetu kwa unyenyekevu wa kujikunja, kana kwamba kila jambo jema lilitupata kwa bahati tukiwa tumelala. Mimi nilichagua kitabu kwa akili zangu timamu; kitabu hicho kikashtakiwa mbele ya mkutano wa kijiji; nami, pamoja na watoto wa darasa la sita na la saba, nikakitetea hadi kikashinda. Kama tungeshindwa, kundi letu la kusoma lingefutwa, na sanduku zima la vitabu lingerudishwa mkoani likawe kiti cha mlinzi. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na kwangu halikuwa dogo.

Nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji cha Ujamaa, mbele kidogo ya Ihanja. Kijiji kilikuwa kipya. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, na watu walioishi kwenye matembe yaliyotawanyika mbugani walijikuta wamekuwa majirani, ukuta kwa ukuta. Walijuana kwa majina na kwa alama za ng'ombe, lakini si kwa tabia. Mimi nilikuwa mgeni zaidi yao wote, Mnyiramba wa Kinyangiri niliyepangiwa kazi Unyaturuni. Kinyaturu nilikifuata kama mtu anavyomfuata mwenzake gizani: bega naliona, uso siuoni.

Kundi la kusoma nililianzisha mwenyewe, kila Alhamisi baada ya kazi za shamba la shule. Watoto walikwisha kusoma kila kilichokuwamo kabatini, pamoja na kijitabu cha ufugaji wa kuku, ambacho walikirudia kwa kukosa kingine. Siku moja msichana wa darasa la saba, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, aliyelelewa na bibi yake, akainua mkono.

"Mwalimu, vitabu vyetu vyote vina mambo ya jana. Havina ya kesho."

"Ya kesho yapi?"

"Si redio kila siku inasema kesho? Mwenyekiti naye kila mkutano, kesho. Sasa mbona kitabuni hakuna?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Taifa zima lilikuwa limekunja mashati kuijenga kesho, na watoto wetu hawakuwa na ukurasa hata mmoja wa kuifikiria. Nilijua kwamba kwa Kiingereza ziko hadithi zinazobuni mambo kutokana na sayansi: safari za kwenye nyota, mashine zinazofikiri, miji iliyojengwa chini ya bahari. Kiswahili kilikuwa bado hakijakubaliana na nafsi yake juu ya jina la hadithi hizo. Sisi tuliziita hadithi za kesho, na jina hilo likatutosha.

Habari za sanduku zilinifikia kwa mdomo. Mhandisi mmoja wa kigeni, aliyekuwa akichimba visima mkoani, alimaliza mkataba wake akaondoka, akaacha sanduku la vitabu alivyokuwa akivisoma jioni kambini. Nilipanda basi hadi Singida mjini, nikaenda Utemini, katika nyumba ambamo afisa mmoja wa elimu ya watu wazima alikuwa na ofisi yake.

"Shikamoo, Ndugu Afisa."

"Marahaba, Mwalimu. Kama umefuata chaki, chaki hakuna."

"Sikufuata chaki."

"Alhamdulillahi! Kila anayepita mlango huu anataka chaki." Nilipomweleza nilichofuata, akalisukuma sanduku kwa mguu kutoka chini ya meza. "Hili hapa. Ila nakuonya, Mzungu yule alikuwa na mambo. Tazama, watu wenye vichwa vya samaki. Ndivyo utakavyowafundisha watoto wa wakulima?"

"Nitavichuja kwanza."

"Chuja, mwalimu wangu, chuja. Ukibakiwa na kimoja, uje uniambie."

Sanduku lilirudi nami juu ya paa la basi, limefungwa katikati ya matenga ya kuku, na vitabu kadhaa vya juu vilifika kijijini vikiwa na alama ambazo mwandishi hakuzikusudia.

Kuchagua kitabu cha mtoto anayeuacha utoto ni kazi nzito, na ninawalaumu wanaoifanya kwa kutazama jalada. Mtoto wa umri ule ameanza kuwashuku wakubwa, na ana haki. Ukimpa kitabu cha kitoto anakutukana moyoni. Ukimpa cha uchafu anakiamini. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kusahihisha madaftari, nilisoma kitabu kwa kitabu nikiwa na swali moja tu mkononi: katika kesho hii inayosimuliwa, nani anaamuru na nani anatumwa?

Vingi vilianguka. Kimoja kilisimulia watu walioruka kwa chombo hadi kwenye nyota ya mbali. Wakakuta wenyeji wa huko, wakachomeka bendera yao ardhini, na kabla kitabu hakijafika katikati wenyeji walikuwa wanawabebea mizigo. Mwandishi aliliona jambo hilo kuwa la kupendeza. Sisi tulikuwa tumetoka juzi tu kuishusha bendera ya namna hiyo. Sikuwa na haja ya kuwafundisha watoto kuipandisha angani. Kingine kilikuwa na mwanamke mmoja tu, na kazi yake ilikuwa kupiga mayowe mpaka aokolewe. Katika kundi langu wasichana walikuwa wengi, na sijapata kumsikia hata mmoja wao akipiga mayowe. Walikuwa na shughuli. Kingine kilieleza mashine hadi skrubu ya mwisho, lakini wanadamu wake hawakuelezwa kabisa, ukaona ni afadhali kusoma maelekezo ya pampu.

Nilichokichagua kilikuwa chembamba, jalada limekatika. Kilihusu nchi kame, na kisima kirefu, na mtu wa chuma.

Tulikuwa tukisomea kwenye miamba nyuma ya shule, mahali ambapo jiwe kubwa limeliegemea jiwe kubwa likauzuia upepo. Maana upepo wa Singida hauna adabu na kitabu, unafungua kurasa ambazo hujazifikia. Kiingereza cha watoto hakikutosha, kwa hiyo nilisoma kwa macho Kiingereza na kwa mdomo Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Hadithi ilikuwa hivi. Fundi mmoja aliunda mtu wa chuma wa kuvuta maji kutoka kisimani kwa ajili ya watu wote. Mtu huyu hakuwa na sauti wala hiari. Mgongoni alikuwa na tundu la ufunguo. Yeyote aliyeugeuza ufunguo na kumpa amri, huyo ndiye aliyemtii.

"Mwalimu, anakula nini?" aliuliza mvulana mmoja aliyekuwa na desturi ya kuulizia chakula katika kila somo.

"Mafuta."

"Ya kupikia au ya taa?"

"Kitabu hakisemi. Tuseme ya taa."

"Basi kwetu atakufa njaa. Duka la ushirika halijaona mafuta ya taa tangu tupande."

"Mbona wewe ndiye mtu wa chuma," yule msichana akamtania. "Ukiambiwa jembe unaganda, ukiambiwa ugali unatembea."

"Angalau mimi nina sauti ya kawaida. Wewe ukinong'ona, ng'ombe wanarudi zizini."

Niliwaacha wacheke, kisha nikaendelea. Tajiri mmoja wa nchi ile aliiba ufunguo. Akamficha mtu wa chuma katika shimo chini ya ghala lake, na giza lilipoingia akawa anamtuma. Kwanza mtu wa chuma alivunja maghala ya majirani. Kisha mchungaji mmoja, aliyekuwa akigombania mpaka wa shamba na tajiri yule, alikutwa amekufa malishoni. Nchi nzima ikaingiwa na hofu, kwa kuwa hakuna aliyejua anayekuja gizani ni nani.

Hapo tulikomea, kwa sababu mavuno yalifika. Shule ilifungwa, kila mkono ukaenda kwenye uwele na mtama, na kitabu nikakiweka sandukuni kikisubiri nusu yake ya pili.

Lakini watoto hawakuweka hadithi sandukuni. Wakati wa kupura uwele watu hukaa pamoja kiwanjani, fimbo zinapiga, na mwenye habari huisema. Watoto wangu walikuwa na habari. Wakaisimulia kwa Kinyaturu, kwa ufundi, nusu ile waliyokuwa nayo: yuko mtu asiye na akili yake mwenyewe, bwana wake anamfuga shimoni, giza likiingia anatumwa, anaua, anarudi, wala hajui alichofanya. Baadaye niliambiwa kwamba fimbo zilisimama moja baada ya nyingine.

Msomaji asiyetoka Singida lazima aelezwe. Zamani za ukoloni, watu wengi waliuawa katika nchi ya Wanyaturu, na waliozikuta maiti waliona alama za makucha. Ilisemekana wauaji hawakuwa simba wa porini bali simba-watu: vijana waliochukuliwa wakiwa wadogo, wakafugwa mafichoni na mabwana zao, wakavishwa ngozi, wakakodishwa kwa mwenye ugomvi na jirani. Serikali ya kikoloni iliendesha kesi na kunyonga watu. Kisha mambo yakanyamaza. Yalinyamaza tu, hayakuisha, maana kila ukoo uliohamia kijijini kwetu ulikuwa na mtu wake aliyekufa wakati ule, na kila ukoo ulikuwa na jina la mtu uliyemshuku. Sasa wote walikuwa wamepangwa ukuta kwa ukuta. Katikati yao akaja mwalimu mgeni, anayewapeleka watoto kwenye miamba karibu na magharibi, akiwafundisha habari za mtu anayefugwa shimoni na kutumwa kuua.

Hilo ni kosa ambalo lisingetokea Dodoma wala Moshi. Kwetu lilikuwa lazima litokee.

Nililigundua barabarani. Nilikutana na bibi wa yule msichana, mwanamke mrefu ambaye hata wanaume wa makamo walimpisha njia. Nikainama kama ipasavyo.

"Shikamoo, bibi."

Alinitazama usoni, akapita. Hakuitika marahaba. Mtu asiyelelewa na watu wetu hawezi kuupima uzito wa jambo lile. Mzee huitikia shikamoo hata ya mtu anayemdai; huitikia hata ya mlevi. Nilisimama pale na vumbi lake miguuni mwangu, nikajua kwamba kuna shauri.

Shule ilipofunguliwa, Alhamisi ya kwanza waliokuja miambani walikuwa wachache sana, na wote walikuja kuniambia kwamba hawaruhusiwi kuja. Yule msichana ndiye aliyenieleza yote. "Bibi anasema unatufundisha kazi ya simba-watu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemwambia hadithi haijaisha. Ameniambia, ya kwetu pia haikuisha."

Kesho yake Mwenyekiti wa kijiji alikuja ofisini akiwa na Mwalimu Mkuu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, mwenye haraka. Alikuwa amebeba mkoba wake kwapani, ishara kwamba amekuja kikazi.

"Ndugu Mwalimu, kundi lako limesimamishwa. Mkutano utakaa Jumamosi ghalani. Wazazi wakikataa, sanduku linarudi mkoani."

"Wanakataa nini, Ndugu Mwenyekiti?"

"Kitabu."

"Wamekisikia nusu."

"Nusu hiyo imewatosha."

Mwalimu Mkuu, ambaye alipenda amani kuliko chochote, aliniegemea. "Mwalimu, omba radhi tu, yaishe. Chagua kingine. Humo sandukuni hakuna cha safari za nyota? Watoto wanapenda safari."

"Kipo. Nimekikataa."

"Kwa nini?"

"Ni kibaya. Hiki ni kizuri. Nikiomba radhi kwa kitabu kizuri, nitawafundisha watoto kwamba kitabu ni kosa. Naomba jambo moja tu. Mkutano usikilize nusu iliyobaki, kisha uhukumu."

Mwenyekiti alihamisha mkoba kwapa la pili. "Mkutano si darasa, Mwalimu."

"Ni mahakama, Ndugu Mwenyekiti. Umeona wapi mahakama inayosikiliza upande mmoja ikaenda kula?"

Aliuweka mkoba mezani. Kisha, kwa heshima yake naandika, akacheka kidogo. "Utasoma. Lakini watu wazima wengi hawatakielewa Kiswahili chako hicho cha vitabuni. Tafuta mtu wa kukigeuza."

Nilijua nitamtafuta nani.

Ghala la kijiji lilikuwa limejaa magunia ya mtama mpya, na watu walikaa juu yake, mbele yake, na mlangoni. Bibi yule aliletewa kigoda akakaa mbele, fimbo yake magotini. Mwenyekiti alifungua mkutano kwa maneno machache na kuuliza kama kuna mzee anayetaka kusema kabla ya kitabu. Mzee mmoja alisema, kwa Kiswahili ili nisikie, "Tumehamishwa tukae pamoja, tumekubali. Lakini mambo yale tuliyaacha huko. Nani amemtuma mwalimu ayalete hapa?" Watu waliguna kumuunga mkono.

Nilisimama. Sikuomba radhi. Nikasema kwamba nilichokileta ni kitabu, kwamba kina mwisho, na kwamba sitasema neno langu hata moja, nitasoma tu. Msichana alisimama kando yangu kwa ajili ya kugeuza. Wala yeye hakuujua mwisho, na hilo lilinipendeza: mkalimani wangu alikuwa na hamu ileile ya waliomsikiliza.

Nikaanza. Nilisoma sentensi, naye akaigeuza, na ile sauti yake ambayo wenzake waliitania ikafika hadi kwa waliosimama nje. Watu wa nchi ile kame walimvizia mtu wa chuma kwa kamba za ngozi, wakamkamata. Wakamleta hadharani, wakaleta nyundo. Wakamuuliza, nani amekutuma? Hakuwa na sauti, hakujibu. Wengine wakapiga kelele: mvunjeni! Ndiye muuaji, mikono yake hii hapa!

Ghalani mtu mmoja alisema jambo kwa Kinyaturu, na kadhaa wakaitikia. Nilielewa bila kugeuziwa. Nao walikuwa wanataka avunjwe.

Niligeuza ukurasa. Mama mmoja kitabuni, mchota maji, aliwazuia wenye nyundo. Alisema, huyu hajitumi. Hana njia yake. Kila alipomaliza kuvuta maji alirudi kwa aliyegeuza ufunguo. Msimvunje. Mfungueni kamba, kisha tumfuate.

Msichana aliigeuza sentensi ile, kisha akanyamaza. Nilimwona midomo ikicheza. Alikuwa amekwisha kuona linalokuja.

"Endelea, bwana!" mvulana yule wa ugali alimpigia kelele kutoka juu ya magunia. "Usikae na mwisho peke yako!"

Baba yake alimpiga kofi dogo la kisogo, lakini mwenyewe alikuwa ameinamia mbele.

Nikasoma. Wakamfungua kamba. Mtu wa chuma akasimama, akaanza kutembea polepole, umati mzima nyuma yake. Akaupita mlango wa kwanza. Akaupita wa pili. Akaupita mlango wa fundi aliyemuunda, na fundi akalia kwa kuona haya. Akaja akasimama mbele ya mlango wa tajiri, akageuza mgongo wake, ili ufunguo uingizwe.

Watu walikuwa hawanitazami mimi. Hawakumtazama msichana. Kila mmoja alikuwa anatazama mlango wake mwenyewe, wa zamani, ule aliokuwa akiushuku.

Nilimalizia. Tajiri alihukumiwa. Mtu wa chuma alirudishwa kisimani, na ufunguo ukawekwa chini ya ulinzi wa watu wote, kwa namna ambayo hakuna mmoja angeweza kuushika peke yake. Hapo Mwenyekiti alipiga makofi kabla hajajizuia, kwa kuwa hiyo ndiyo siasa aliyokuwa akiihubiri kila wiki, na hapa aliikuta imeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kumsikia. Makofi yakaenea. Lakini bibi hakupiga. Aliinua fimbo, na ghala likatulia.

"Na mama wa mchungaji?" aliuliza, kwa Kiswahili cha polepole. "Yule aliyeuawa. Kitabu kinasema nini juu ya mama yake?"

Nilifikiri haraka. "Hakisemi, bibi."

"Dada yake je?"

"Hakisemi."

"Basi aliyeandika naye ameacha nusu."

Watu wengine wangeona swali lile limekiangusha kitabu. Mimi moyo wangu uliruka kwa furaha, nami sikuificha. Katika vyumba vyote vya mafunzo nilivyopitia, hakuna aliyekuwa amekisoma kitabu kwa ukali namna ile. "Ni kweli kabisa, bibi," nikasema. "Ameacha. Tafadhali tuambie angeandika nini."

Alisimama. Aliongea Kinyaturu sasa, na mjukuu wake akanigeuzia, mara hii akitoka kwao kuja kwangu. Alisema kaka yake alikutwa kwenye mtama, nao walikuwa wamekwenda kumwita kula. Alisema walimkamata kijana mmoja ambaye hata jina la kaka yake hakulijua. Wakampeleka, hakurudi. "Mama yangu alikufa akimchukia kijana yule," alisema. "Na mimi nimezeeka nikimchukia. Hakuna aliyetuambia tumfungue kamba, tutazame anaelekea mlango upi."

Akaketi. Yule mzee aliyekuwa ameuliza nani amenituma aliondoa kofia yake. Mzee mwingine, wa ukoo ambao haukuwa ukisalimiana vizuri na ukoo wa bibi tangu wahamie, alisema kwa sauti ya chini, "Hata sisi tulikuwa na mtu." Bibi akamwitikia kwa kichwa. Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta misimu miwili ya kilimo, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza.

Wapo wanaosema kwamba hadithi za kubuni zinawapotosha vijana, kwamba mambo yasiyokuwapo hayamfundishi mtu kitu. Ningewaalika ghalani siku ile. Kitabu cha mambo yasiyokuwapo kilitamka jambo lililokuwapo, ambalo kesi za wakoloni na miaka ya ukimya havikuweza kulitamka. Nilikichagua mimi, na sikukosea.

Mwenyekiti alipigisha kura kwa kuinua mikono, na sikuwa na haja ya kugeuka kuhesabu. Nilisikia nguo zikisuguana pande zote. Kundi likarudishwa. Sanduku likabaki. Hata hivyo mkutano ulitoa sharti moja, lililopendekezwa na baba wa mvulana wa ugali, nami ninalitaja kwa sababu ni sharti bora kuliko mengi niliyoyasoma katika miongozo ya ualimu: kitabu kisianzwe miambani kama hakitamalizika kabla ya mavuno. Nililikubali papo hapo.

Watu walipokuwa wakitoka, bibi alibaki kwenye kigoda chake hadi nilipokaribia.

"Mwalimu. Ulinisalimu barabarani."

"Ndiyo, bibi."

"Marahaba," alisema, kama mtu anayerudisha kitu alichokuwa amekishikilia. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka.

Alhamisi iliyofuata kundi lote lilikuwa miambani, na wengine wa darasa la tano walijipenyeza wakijifanya warefu. Nilikuwa nimeleta vitabu kadhaa ili tuchague pamoja, kwa kuwa sasa niliona watoto hawa wamepata haki ya kuchagua. Nyuma yao, kwa mwendo wake bila haraka, alikuja bibi, mjukuu wake akimbebea kigoda. Aliketi mahali pasipo na upepo, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hapo ni mahali pa mwalimu.

"Hicho cha jalada la buluu ni cha nini?" aliuliza.

"Cha safari ya nyota, bibi," mvulana wa ugali akawahi kujibu. "Wanaruka na chombo! Wanafika nyota ya mbali kabisa!"

"Wanakuta watu huko?"

Vijana walinigeukia. "Wanakuta," nikasema.

"Wakifika, wanabisha hodi?"

"Hawabishi, bibi. Wanachomeka bendera."

Bibi alikunja uso, akakisukuma kile kitabu kando kwa ncha ya fimbo yake.

"Kiache hicho. Lete kingine."

Nikakirudisha sandukuni, kwa mara ya pili, na kwa furaha kubwa kuliko ya kwanza.